Fonseca, Tien na wenzao: Singida tunawajua kwenye mkeka tu

UKITAKA kujua kama vijana wa Singida wanafuatilia tenisi, usiwaulize habari za raketi. Waulize habari za mkeka.

Pita kwenye vijiwe vya kubeti, kuanzia stendi ya Misuna hadi Majengo. Utamkuta kijana ambaye hajawahi kugusa raketi maishani mwake, lakini anakutajia João Fonseca, Jakub Menšík na Learner Tien kama anavyotaja kikosi cha Singida Black Stars. Anajua nani anang'ara kwenye uwanja wa udongo, nani anachoka seti ya tatu, nani goti linamsumbua.

Sababu ni saa. Soka la Ulaya likilala, tenisi iko macho. Mechi za mchana pale Melbourne zinaanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Karibu kila siku ya mwaka kuna watu wawili wanapigiana mpira mahali fulani duniani, kwa hiyo aliyechaniwa mkeka Jumapili na Serie A anatafuta pa kurudishia hela yake Jumatatu alfajiri. Ndivyo tenisi ilivyoingia Singida. Haikupitia shuleni, wala haikupitia klabu. Imepitia kwenye simu.

Sina ugomvi na mtu mzima anayecheza na hela yake. Ninachosema ni kwamba hawa vijana tumewajua kama namba tu: huyu ana odi ya 1.40, yule ya 2.75. Hatujawahi kuuliza wametoka wapi, walianzia uwanja gani, nani aliwashika mkono, na kwa nini orodha ya wanaochipukia inajaa majina ya Prague, Rio na Madrid lakini hakuna hata moja la kwetu.

Australian Open inaanza Januari 18. Ni wakati mzuri wa kutaja wanaume wa kuwaangalia mwaka huu wa 2026. Nitawataja. Kisha nitaeleza kwa nini naona orodha hii inaihusu Singida kuliko wengi wanavyodhani.

WANAOBISHA HODI

Tuanze na wenye nyumba. Kwa miaka miwili, 2024 na 2025, Grand Slam zote nane za wanaume zimekwenda kwa watu wawili tu: Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia. Kila mmoja amebeba nne. Ni kama Ligi Kuu yetu na wale wakubwa wa Kariakoo, wengine wanapigania nafasi ya tatu.

Na ubaya wa jambo hili kwa wengine ni kwamba wawili hawa si wazee wa kusubiri wastaafu. Alcaraz amezaliwa Mei 2003. Kwa hiyo anayetaka kuingia inabidi avunje mlango.

Wa kwanza kwangu ni Fonseca. Mbrazili huyu kazaliwa Agosti 2006 mjini Rio de Janeiro. Mwaka jana alianza Australian Open akitokea mechi za mchujo, na mechi yake ya kwanza kwenye droo kubwa akamtoa Andrey Rublev kwa seti tatu bila majibu. Mwezi mmoja baadaye akabeba taji la Buenos Aires, tena fainali alimfunga Muargentina Francisco Cerúndolo mbele ya watu wake. Oktoba akaongeza taji la Basel. Pigo lake la mkono wa mbele ni rungu. Tatizo lake ni haraka: anataka kumaliza kila mpira kwa pigo moja. Akijifunza kusubiri, Sinner na Alcaraz watakosa usingizi.

Wa pili ni Menšík wa Jamhuri ya Cheki, kijana mrefu wa Septemba 2005 anayepiga sevu kama mtu anayetupa jiwe kutoka juu ya mwamba. Machi 2025 alibeba taji la Miami kwa kumfunga Novak Djokovic kwenye fainali, seti zote mbili kwa taibreki. Wengi hawajui kwamba kabla ya mechi yake ya kwanza goti lilimuuma hadi akaamua kujitoa. Mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda na fomu ya kujitoa, akakuta mwamuzi mkuu yuko kwenye chakula cha mchana. Akapita kwa daktari wa viungo, akatibiwa, akaingia uwanjani. Siku kadhaa baadaye akainua kombe. Hofu yangu kwake ni mwili. Kipaji kipo.

Wa tatu ni Tien, Mmarekani mwenye wazazi waliotokea Vietnam. Mama yake ni mwalimu, ndiyo maana mtoto kaitwa Learner, yaani mwenye kujifunza. Dada yake anaitwa Justice, kwa sababu baba ni mwanasheria. Anatumia mkono wa kushoto, si mrefu sana wala hana sevu ya kutisha. Silaha yake ni akili na miguu. Melbourne mwaka jana alimtoa Daniil Medvedev kwa seti tano, mechi iliyokwisha karibu saa 9 usiku wa kule. Mwishoni mwa mwaka akabeba taji la Metz, kisha mashindano ya vijana bora wa dunia yaliyofanyika Jeddah. Anafundishwa na Michael Chang, bingwa wa Roland Garros wa mwaka 1989, ambaye naye hakuwa mrefu. Mkeka wangu, kama ningekuwa na mkeka, ungekuwa kwa huyu.

Nyuma yao wapo Alexander Blockx wa Ubelgiji, aliyefungwa na Tien kwenye fainali ya Jeddah lakini alimfunga huyo huyo Tien kwenye fainali ya vijana ya Australian Open mwaka 2023, na Rafael Jódar wa Hispania, bingwa wa vijana wa US Open 2024. Majina haya yashike.

HAWAKUOTA KAMA UYOGA

Sasa twende kwenye hoja. Ukiwaangalia kwa juu juu, utasema hawa ni vipaji vilivyoshuka kutoka mbinguni. Hapana. Ukifuatilia mmoja mmoja utakuta kitu kile kile: uwanja ulikuwa karibu na nyumbani, na mashindano yalikuwa karibu na uwanja.

Chukua Fonseca. Februari 2024 alikuwa na miaka 17, hajulikani nje ya kwao. Rio wanayo mashindano yao makubwa, Rio Open. Waandaaji wakampa nafasi ya mwaliko, kwa sababu mwenye shughuli ana haki ya kumwalika mtoto wa nyumbani. Akaitumia kumfunga Mfaransa Arthur Fils, seti moja ikaisha 6-0, akaenda hadi robo fainali. Kama Rio isingekuwa na mashindano, huyo kijana angezunguka dunia kutafuta mlango wa kuingilia. Yeye mlango aliukuta mtaani kwao.

Chukua Menšík. Jamhuri ya Cheki ina watu kama milioni 10 na ushei, nchi ndogo mara kadhaa kuliko Tanzania. Lakini klabu za tenisi ziko hadi kwenye miji midogo. Mtoto wa kule haombi ruhusa kwenda Prague ili aone wavu wa tenisi. Wavu uko mwisho wa mtaa.

Hapo ndipo ninaporudi Singida. Mkoa wetu, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 2. Katika milioni 2 hao huwezi kuniambia hakuna mtoto mmoja mwenye jicho, mkono na miguu ya kuwa mchezaji wa tenisi. Yupo. Labda yuko Mkalama anachunga mbuzi. Labda yuko Manyoni anapiga chandimu. Lakini mwambie kijana wa Mandewa akuelekeze uwanja wa tenisi wa umma, atakuelekeza Liti, na Liti ni uwanja wa soka.

MIGUU TUNAYO

Msomaji atasema: ndugu yangu, Singida na tenisi wapi na wapi? Sisi ni watu wa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji.

Sawa. Lakini Septemba 15, 2025, dunia nzima iliona Singida ina nini kingine. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo. Alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 2:09:48, na yeye na Mjerumani Amanal Petros wakapewa muda unaofanana. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Simbu hakuanza Tokyo. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 Olimpiki ya Rio, mwaka 2017 akachukua shaba ya dunia London, Aprili 2025 akawa wa 2 Boston. Miaka karibu 10 ya kubisha hodi.

Sasa jiulize kwa nini Singida imemtoa mkimbiaji na haijamtoa mcheza tenisi. Jibu ni jepesi hadi linauma. Mbio hazihitaji kujengewa kitu. Barabara ya vumbi ipo, kilima kipo, upepo wa Singida upo, na mtoto akiwa na miguu anakimbia. Tenisi inahitaji mtu mzima aamue kwanza: aweke wavu, achore mistari, alete mipira. Mtoto hawezi kujiwekea hivyo mwenyewe. Kwa hiyo mchezo wowote usiohitaji uamuzi wa wakubwa tunaufanya vizuri, na unaohitaji uamuzi wao tunabaki kuusikia redioni.

Ushahidi kwamba miguu ya Afrika Mashariki inafaa tenisi upo, na haupo mbali na riadha. Wapo ndugu wawili Waswidi wenye asili ya Ethiopia, Elias na Mikael Ymer. Baba yao, Wondwosen, alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu aliyehamia Sweden. Watoto wakakulia Skara, mji mdogo tu. Mwaka 2016 ndugu hao wawili walibeba taji la wachezaji wawili wawili la Stockholm Open. Mikael alipanda hadi nafasi ya 50 duniani mwaka 2023, na mwaka huo huo pale Wimbledon alimtoa Mmarekani Taylor Fritz baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili.

Ukimtazama Mikael akikimbilia mipira ya kona, unaiona damu ya mkimbiaji. Mapafu ni yale yale ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kilichobadilika ni kwamba Skara kulikuwa na uwanja.

“MCHEZO WA MATAJIRI”

Hoja inayofuata naijua, naisikia kila nikitaja mchezo huu: tenisi ni ya matajiri, ni ya Gymkhana, ni ya wazungu na watoto wa mabosi.

Kuna ukweli ndani yake. Tanzania tenisi ilianzia kwenye klabu za wakoloni, na hadi leo ukitaja tenisi watu wanawaza Gymkhana ya Dar es Salaam au ya Arusha. Raketi nzuri haiuzwi gulioni. Na ukishapanda ngazi, nauli za ndege zinaweza kumaliza hata shamba la urithi.

Lakini mwangalie Frances Tiafoe, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Sierra Leone. Baba yake alikuwa mtunza usafi na matengenezo katika kituo cha tenisi cha watoto kule Maryland. Alipewa chumba hapo kazini, na Frances na pacha wake wakawa wanalala humo. Usiku baba anafagia, asubuhi watoto wanapiga mpira ukutani. Kijana huyo amefika nusu fainali ya US Open mara mbili, 2022 na 2024. Hakuwa tajiri. Alikuwa karibu na ukuta.

Kama Marekani ni mbali, nenda Nairobi. Angella Okutoyi alilelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha watoto. Mwaka 2022 akawa Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam la vijana, pale Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Najua leo tunazungumzia wanaume, lakini binti huyu anaizima hoja ya utajiri kuliko mwanaume yeyote ninayeweza kumtaja.

Tena majirani hawajaanza jana. Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Mrundi Hassan Ndayishimiye alishinda mechi ya vijana pale Wimbledon mwaka 2010. Kenya, Burundi. Nchi hizi hazina mafuta ya kutushinda. Zina watu walioamua.

NGAZI IKO KIGALI

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze ngazi ya tenisi ilivyo, kwa sababu wengi wanaibetia bila kuijua.

Chini kabisa kuna mashindano yanayoitwa M15 na M25. Bingwa wa M15 anapata pointi 15, na anayeshinda mechi moja tu kwenye droo kubwa anapata pointi 1. Hiyo moja ndiyo inayokuingiza kwenye orodha ya dunia. Juu yake kuna Challenger, ambako bingwa anapata kuanzia pointi 50. Juu zaidi ndiyo ATP yenyewe, hadi Grand Slam ambako bingwa anaondoka na pointi 2,000. Tofauti ya hela inatisha: aliyefungwa raundi ya kwanza tu Wimbledon mwaka jana aliondoka na pauni 66,000, wakati yule wa chini kabisa anaweza kushinda mechi mbili na bado akarudi nyumbani na deni la nauli na hoteli.

Kwa hiyo kijana asiye na tajiri nyuma yake anahitaji ngazi ya chini iwe karibu na kwao. Watunisia wameliona hilo. Pale Monastir mashindano madogo yanachezwa wiki baada ya wiki karibu mwaka mzima. Mtunisia anaanza kazi bila kupanda ndege. Si ajabu walimpata Malek Jaziri, aliyeingia 50 bora.

Na Rwanda nao wameliona. Mwaka 2024 Kigali iliandaa Challenger kwa wiki mbili, na baadaye mashindano yale yakapandishwa daraja. Aliyebeba taji la kwanza ni Kamil Majchrzak wa Poland, mtu aliyekuwa ametoka kifungo cha miezi 13, hana nafasi kwenye orodha ya dunia, anaanza upya kama mtoto. Mwaka uliofuata, Julai 2025, Majchrzak alikuwa raundi ya nne ya Wimbledon. Ngazi yake ilipitia Kigali.

Kigali si Ulaya. Malori ya Kigali yanapita hapa hapa Singida kila siku yakielekea Nzega, Kahama hadi Rusumo. Tunayauzia madereva kuku wa kukaanga na chai. Mji ambao mizigo yake inapita mlangoni kwetu ndio umeipandisha Afrika Mashariki kwenye ramani ya tenisi ya wanaume. Sisi tumebaki kusalimiana na malori.

TUFANYE NINI

Sisemi Singida iandae Challenger kesho. Huo utakuwa utani. Nasema tuanzie pale ambapo mtoto anaanzia.

Kwanza, viwanja tunavyo bila kujua. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Uwanja wa tenisi wa kucheza wawili wawili una mita 23.77 kwa 10.97. Maana yake mistari ya tenisi inaingia ndani ya kiwanja cha netiboli na nafasi inabaki. Haitoshi kwa mashindano, kwa sababu mchezaji anahitaji nafasi ya kukimbia nyuma ya mstari, lakini inatosha kabisa kwa mtoto kujifunza. Shule yenye netiboli ina tenisi, ikiamua.

Kwa watoto wadogo ni rahisi zaidi. Shirikisho la Tenisi la Dunia lina mpango wa mipira laini: mwekundu una kasi pungufu kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Uwanja wa mpira mwekundu ni kama mita 11 kwa 5 tu, wavu unaweza kuwa kamba na magunia. Kati ya madarasa mawili unapata viwanja vitatu.

Pili, udongo. Roland Garros inachezwa kwenye vumbi la matofali, na wanaitazama kwa heshima dunia nzima. Afrika Mashariki viwanja vya changarawe na udongo wa kichuguu vimechezewa tenisi miaka na miaka. Nani atuambie Singida hatuna vichuguu? Udongo wa kichuguu ukilowekwa, ukashindiliwa na kukauka, mpira unadunda vizuri. Jembe, maji na nguvu za vijana vinatosha kuanza.

Tatu, ukuta. Mchezaji wa kwanza wa kumfunga mtoto ni ukuta, maana haukosei na haulipwi. Mkoa huu Mungu ameujalia miamba. Lakini hata ukuta wa darasa usio na dirisha, ukichorwa mstari kwa urefu wa kiuno cha mtu mzima, tayari ni kocha.

Nne, hela. Hapa ndipo ninaporudi kwa wale wa mkeka, na sasa wao ndio wenye haki ya kudai. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliamua asilimia 5 ya kodi inayotokana na kubashiri michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Uamuzi mzuri, naupongeza. Kwa hiyo kila mkeka unaochanika Majengo saa 9 usiku kwa sababu ya Menšík, kuna kipande kidogo kinachokwenda kukuza michezo nchini. Swali langu ni la kawaida kabisa: kipande cha Singida kinarudi Singida lini, na kinarudi kama nini?

Halmashauri zetu ziandike maombi. Ofisa michezo wa mkoa akae na Chama cha Tenisi Tanzania waandike mradi mmoja wa maana: viwanja viwili vya umma manispaa, kimoja kimoja Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, mipira laini kwa shule kadhaa, na walimu wa michezo wapewe mafunzo ya wiki mbili. Si bilioni. Ni chini ya bei ya mshambuliaji mmoja wa kigeni anayekaa benchi Ligi Kuu.

Tano, mashindano. Uwanja bila mashindano ni sehemu ya kuanikia alizeti. Ukitaja UMITASHUMTA na UMISSETA watu wanawaza soka, netiboli, wavu, mikono na riadha. Mkoa usisubiri Dodoma iamue. Singida, Tabora, Dodoma na Manyara tunapakana. Kila mkoa uandae mashindano ya vijana chini ya miaka 14 mara moja kwa mwaka, watoto wapande basi, walale shuleni, warudi Jumapili. Mtoto akicheza mashindano manne kwa mwaka tangu ana miaka 10, akifika 16 tutakuwa tunajua kama tuna mchezaji au hatuna. Leo hatujui hata hilo.

KIPAJI HAKISUBIRI

Najua kuna atakayesema nchi ina mambo makubwa zaidi. AFCON ya 2027 iko mlangoni, tunaandaa na Kenya na Uganda, nguvu zote ziko kwenye viwanja vya soka. Sipingi. Lakini soka ina wenyewe, ina wafadhili, ina kelele. Singida Black Stars wana uwanja wao na mashabiki wao, Mungu awazidishie. Mkoa unaozalisha timu ya soka ya kutisha vigogo na bingwa wa dunia wa marathoni haushindwi kuweka wavu kumi.

Na tusidanganyane kuhusu muda. Kwenye soka, kijana akichelewa hadi miaka 18 bado anaweza kuokotwa kwenye ndondo. Tenisi haina huruma hiyo. Sinner alicheza tenisi na kuteleza kwenye theluji hadi alipokuwa na miaka 13, na watu wanasema alichelewa kuamua. Mtoto wa Singida aliyezaliwa mwaka aliozaliwa Fonseca, 2006, mwenye mkono kama wa Fonseca, leo ana miaka 19 na hajawahi kushika raketi. Huyo tumeshamkosa. Anaendesha bodaboda, na usiku anambetia mwenzake wa Rio.

Anayetupasa kumtafuta ana miaka 7 au 8 sasa hivi. Yuko darasa la pili Iramba, anapiga mpira wa makaratasi kwa ubao wa benchi lililovunjika. Huyo bado tuna muda naye, lakini si muda mrefu.

Kwa hiyo, utabiri wangu wa 2026 ni huu: Tien atafika robo fainali ya Grand Slam, Fonseca atamfunga mmoja wa wale wakubwa wawili kwenye mechi kubwa, na Menšík akiwa mzima atawasumbua wote. Nikikosea, nitanieni. Lakini Singida kuendelea kuwa mkoa wa watazamaji kwenye mchezo huu si bahati mbaya wala si utabiri. Ni uamuzi, na ofisi zinazoufanya kila mwaka wa bajeti tunazijua ziliko.